Anayekata ni Nani

Katika karakana ile ya ushonaji, juu ya duka la rangi, kila mtu aliitwa kwa kazi yake. Mkataji wa vitambaa aliitwa Chaki. Fundi wa suruali aliitwa Suruali na hakuona ubaya wowote. Mwanamke wa kumalizia aliitwa Mama Pindo, kwa sababu kila nguo iliyotoka pale, iwe suti au gauni, ilimalizikia mikononi mwake. Alikunja pindo, akatia vifungo, akazungushia uzi matundu ya vifungo kwa mkono, akachomoa nyuzi za kushikizia, akakagua bitana. Kutoka kwake nguo ilikwenda kwenye pasi, na kutoka kwenye pasi ilikwenda kwa mwenyewe.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya chini na kope nzito. Kope hizo zilianza kushuka zamani, kidogo kidogo, kama pazia ambalo kamba yake imelegea. Sasa ngozi ya juu ya macho ilikuwa imejikunja ikalalia nywele za kope, na mtu asiyemjua angeapa kwamba amesinzia na sindano mkononi.

"Mama Pindo, kumekucha!" Suruali alipenda kumwambia kila akipita na mzigo wake kwapani.

"Mwache, anaota," mwingine angedakia.

"Naota siku utakayoshona mfuko usiotoboka," angejibu bila kuinua kichwa. Watu wangecheka, na cherehani zingeendelea.

Utani huo haukumchosha. Kilichomchosha kilikuwa kigoda. Alikuwa amekaa juu ya kigoda kile kisicho na mgongo tangu mtoto wake wa kwanza akiwa tumboni, na sasa mtoto huyo ana watoto. Shingo ilimuuma. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikufa ganzi kila ikifika alasiri, akawa anaviponda ponda kwenye goti mpaka virudi. Kwa hiyo aliposikia kwamba mama wa kaunta anaacha kazi, amfuate mume wake aliyehamishwa, alikunja gauni alilokuwa analishughulikia, akaliweka vizuri mezani na kwenda kumwona Bosi.

Kaunta ilikuwa chumba cha mbele. Kulikuwa na kiti chenye mgongo, taa nzuri, kioo kirefu na pazia la kubadilishia nguo. Kazi yake ilikuwa kupokea wateja, kuwapima na kuwasikiliza wanachotaka.

Bosi hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakuna kidevu.

"Mama, kupima unajua kunishinda mimi. Kazi yako sina neno nayo. Lakini mteja akiingia pale mlangoni, halafu akakuta mtu... samahani, usinichukulie vibaya... akakuta mtu amesinzia."

"Sisinzii, Bosi."

"Najua husinzii. Mimi najua. Mteja je?" Alishusha sauti. "Jitengeneze kidogo. Siku hizi kope zinarekebishwa, watu wanafanya, si aibu. Ila mwanzo wa mwezi lazima niwe na mtu pale mbele."

Aliyasema hayo kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomchosha zaidi. Angefoka, angalau angepata la kumjibu.

Jioni ile alisimama mbele ya kioo cha chumbani, akainua ngozi ya jicho moja kwa kidole, kisha ya jingine. Mume wake, mtunza stoo aliyekuwa amelala chali na redio kifuani, alimtazama.

"Mimi nilikuoa na macho hayo hayo."

"Ulinioa yakiwa wazi," alimjibu.

Hakuwa mtu wa kukimbilia visu. Kwenye kituo cha afya alishawahi kuuliza, akaambiwa huu si ugonjwa, ni umri, aende zake nyumbani. Kwa hiyo ingekuwa ni suala la urembo, na urembo mtu hujitafutia mwenyewe. Alichoogopa ni kimoja. Macho yale ndiyo yaliyomlisha. Mtu akikosea mkono juu ya jicho lake, haitapotea kaunta peke yake. Hata kigoda atakiacha.

Wa kwanza kumwendea alikuwa wifi yake, mdogo wa mume wake, karani wa mapokezi kwenye ofisi ya bima. Huyo alifanyiwa kope mapema mwaka ule kwenye kliniki moja ya urembo, na tangu hapo alikuwa haingii chumbani bila kwanza kusimama mlangoni apate kutazamwa.

"Wifi, hebu niambie kweli. Ukinitazama unanipa miaka mingapi?"

"Ile ile," alisema Mama Pindo. "Ila sasa ni kama kuna mtu amekushtua."

"Wivu huo! Njoo hapa dirishani uone vizuri, acha maneno."

Mama Pindo alivaa miwani yake ya kazi. Wifi alifumba macho, akainua uso. Mama Pindo alimshika kidevu kama anavyoshika ukosi wa koti, akamgeuza upande wa mwanga. Mshono ulikuwa umeufuata mkunjo wa kope toka kona mpaka kona. Ulikuwa mwembamba, umefifia, hauna fundo, hauna mahali palipovutwa wala palipolegea. Yeye mwenyewe, kwa sindano yake nyembamba kabisa na uzi wa hariri, asingeweza kufanya vile.

"Aliyeshona hapa ana mkono," alisema polepole.

"Nilikwambia mimi! Daktari wangu ni fundi, wifi. Fundi!"

Ikawa imekwisha. Maisha yake yote Mama Pindo alikuwa akiipa nguo alama kwa mshono, na mshono ule ulikuwa safi. Kesho yake alipiga simu kliniki. Walimpokea kwa sauti tamu, wakampangia Alhamisi ya wiki iliyofuata, kabla ya mwanzo wa mwezi. Aliporudi kwenye kigoda alihisi mgongo umepata nafuu kabla hata ya kukalia kiti kipya.

Jumamosi Wifi alikuja na sketi ya kupunguza urefu. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, amechoka, akavua viatu na kujinyoosha kwenye kochi chini ya feni. Mama Pindo alikaa kwenye kiti cha mkabala akaanza kufumua pindo la zamani. Walizungumza kidogo habari za ofisini, kisha mazungumzo yakakatika. Baada ya muda aliinua kichwa akamkuta Wifi anamtazama.

"Upande mmoja nimeshakunja," alimwambia. "Unataka ifike gotini au juu kidogo?"

Wifi hakujibu.

"Wifi? Gotini?"

Ndipo aliposikia pumzi. Wifi alikuwa akikoroma taratibu, mdomo wazi. Alikuwa amelala. Kope zilikuwa zimeshuka zikaishia njiani, na chini yake, katika kila jicho, ulibaki ufa mweupe, unyevunyevu, unaong'aa kwa mwanga wa dirisha. Feni ilikuwa ikipuliza juu ya weupe ule.

Mama Pindo aliweka sketi chini. Akasimama, akaenda kwa ncha za vidole, akaigeuza feni upande wa ukuta. Kisha akasimama pale pale, hajui akae au atoke nje.

Wifi alipoamka macho yalikuwa mekundu. Kabla hajasema lolote, mkono wake uliingia kwenye mkoba bila kutafuta, ukatoka na kichupa cha dawa ya matone. Akainamisha kichwa nyuma, tone kushoto, tone kulia, kwa mazoea.

"Macho yana nini?"

"Vumbi tu. Na ile AC ya ofisini."

"Wifi, wewe ukilala..."

"Nikilala nalala kama watu wengine. Hebu nipe sketi yangu, giza linaingia."

Sketi ilikuwa haijaisha. Aliichukua hivyo hivyo, upande mmoja umekunjwa na mwingine unaning'inia.

Jumatatu Mama Pindo alimweleza Chaki. Chaki alikuwa ametandaza kitambaa cheusi cha suti juu ya meza ndefu, anakipapasa kwa kiganja kutoa makunyanzi. Alikuwa mtu mkavu, mrefu, asiyekata kitu mpaka amekizunguka mara kadhaa. Alimsikiliza huku akiendelea kupapasa.

"Ulipomkagua dirishani," aliuliza, "uliangalia nini?"

"Mshono."

Chaki aliguna. Halikuwa guno la utani.

"Wateja wanakuja hapa, koti limewakaa mabegani sawasawa, wanakushika mkono wewe. Ahsante mama, vifungo vizuri. Mimi nimesimama hapa na mkasi wangu kama mlinzi. Nimeshazoea. Lakini na wewe, Mama Pindo? Na wewe umekuwa mteja?"

Mama Pindo alikunja ukingo wa kitambaa kwa vidole.

"Koti nikilikata dogo," Chaki aliendelea, "wewe lishone kwa uzi wa dhahabu. Litabana tu. Hapa nikikosea, ninaagiza kitambaa kingine, Bosi ananinunia wiki nzima, basi. Wewe ngozi ya jicho utaiagiza wapi?"

"Sasa nifanye nini?"

"Nenda ukaulize anayekata ni nani. Kwanza ujue ni nani. Mengine baadaye."

Alikwenda saa ya chakula. Kliniki ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la maduka, imejaa harufu ya mafuta ya kuchulia mwili. Ukutani palitundikwa picha kubwa ya daktari aliyekunja mikono kifuani, na pembeni yake vyeti katika fremu. Mama Pindo alivisoma kimoja kimoja, kama anavyogeuza nguo nje ndani. Cha kwanza kilikuwa cha udaktari wa kawaida. Kimoja kilikuwa cha mafunzo ya kuondoa vinyweleo, kingine cha sindano za kunyoosha mikunjo. Viwili vilisema tu kwamba mwenye cheti alihudhuria mkutano. Neno jicho halikuwepo mahali popote.

"Karibu mama yangu," alisema msichana wa mapokezi. "Wewe ni wetu wa Alhamisi."

"Nina swali moja. Anayekata ni nani?"

"Anayekata nini?"

"Kope zangu."

"Aa! Hapa tunafanya kazi kama timu, mama."

"Timu ina mkasi mmoja, au kila mtu ana wake?"

Msichana alicheka, akaona Mama Pindo hacheki, akaenda kumwita daktari wa kwenye picha. Alitoka akiwa mchangamfu, mwenye manukato. Alieleza kwamba yeye ndiye anayewaona wateja na kuwashauri. Siku za upasuaji huja daktari mwenzao.

"Anaitwa nani?"

"Ni mzoefu sana, usiwe na shaka. Amefanya wengi."

"Amesomea macho? Au amesomea upasuaji wa kurekebisha maumbile?"

"Mama, hii ni ngozi tu. Nusu saa unakwenda nyumbani."

"Na nikivuja damu nyuma ya jicho usiku?"

"Utatupigia simu. Namba ipo."

"Mtaniachia ngozi kiasi gani?"

Hapo daktari alitabasamu kwa furaha ya kweli, kwa sababu alidhani swali hilo ndilo rahisi. "Hatukuachii kitu! Yote iliyozidi tunaitoa. Utarudi kazini wakuite dada."

Mama Pindo alimshukuru. Alirudi kwa msichana wa mapokezi, akasema, "Nifute Alhamisi."

"Nikuhamishie siku nyingine?"

"Nifute tu, mwanangu."

Kushuka ngazi alishika ukuta. Mwanzo wa mwezi ulikuwa ule pale mbele yake, na hakuwa na daktari.

Kilichofuata kilikuwa ni kuzunguka tu. Alimwendea muuza miwani, aliyempa jina la daktari wa macho. Daktari huyo, baada ya foleni ya asubuhi nzima, alimwambia kwa uungwana kwamba yeye ni wa mtoto wa jicho, kope hazigusi, ila kuna mmoja katika hospitali kuu aliyekwenda kusomea kope peke yake baada ya ubingwa wa macho. Hospitali kuu ilikuwa ng'ambo ya pili ya mji. Alikwenda akaambiwa huyo daktari ana siku zake. Alirudi siku hizo akaambiwa yuko chumba cha upasuaji. Kila mara aliomba ruhusa kwa Bosi, na kila mara Bosi alitazama kalenda kabla ya kuitikia.

Nyumbani, mume wake alishika simu mbali na uso, akatafuta majina kwenye orodha ya baraza la madaktari, lile linalowasajili.

"Huyu wa hospitali kuu yupo. Mwanamke. Daktari bingwa wa macho. Leseni yake hai."

"Na yule wa kwenye picha?"

"Yupo pia. Daktari wa kawaida."

"Na anayekata kule kwao?"

"Nipe jina."

Jina hakuwa nalo.

Daktari wa hospitali kuu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye duara nyeusi chini ya macho yake mwenyewe na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa. Hakumwambia karibu mama yangu. Alimwuliza kuhusu presha, sukari, dawa anazokunywa, hata za mitishamba, na kama macho humwasha.

"Kazi yako?"

"Ushonaji wa mkono."

"Basi hupepesi. Anayekaza macho husahau kupepesa."

Alimchomekea kipande chembamba cha karatasi ndani ya kope ya chini ya kila jicho, akamwacha akae hivyo, macho yakiwa yamefumbwa, mpaka karatasi ilowe machozi. Alipoitoa alipima mahali unyevu ulipofika, akakunja uso kidogo. "Machozi yako ni machache. Si mabaya, lakini hayaruhusu mchezo." Kisha akachukua koleo ndogo bapa, akabana ngozi ya juu ya jicho.

"Funga. Fungua. Funga tena." Akabana zaidi. "Funga."

Mama Pindo alijaribu kufunga, akaona mwanga umebaki.

"Umeona?" alisema daktari. "Pale pa kwanza unafunga. Hapa hufungi. Nitaishia chini ya pale pa kwanza. Mkunjo utabaki, na hutaonekana msichana."

"Bosi wangu anataka nionekane nimeamka."

"Bosi wako ndiye atakayelala na macho haya?"

Kwa mara ya kwanza katika wiki zile Mama Pindo alicheka. Kisha akauliza swali lake. "Anayekata ni nani?"

"Mimi. Na kushona ni mimi. Kuna mwanafunzi atakayeshika pamba, kisu hashiki."

"Kuna aliyekuharibikia?"

Daktari alimtazama kidogo. "Kuna mmoja nilimrudia. Jicho moja lilibaki chini. Nilimrudia, likakaa. Ukivuja damu usiku unakuja mlango wa dharura, daktari wa macho wa zamu hakosekani. Lakini foleni yangu ni ndefu. Wenye ajali na wenye uvimbe wanakutangulia. Mwezi huu haiwezekani. Hata unaofuata sikuahidi."

Mama Pindo alimwomba aandikwe. Kesho yake alimwambia Bosi.

Bosi alishusha pumzi. "Mama, mimi nilikwambia mwanzo wa mwezi."

"Ulisema."

"Sasa?"

"Sasa sitakuwa tayari."

Mwanzo wa mwezi aliletwa mpwa wa Bosi, binti mwenye tabasamu jepesi, akakalia kiti chenye mgongo. Alikuwa na adabu. Alipima kwa kukosea wiki ya kwanza, Mama Pindo akamwonyesha jinsi ya kushika futi kamba, na tangu hapo hakukosea tena. Suruali alipita na mzigo wake.

"Pole, Mama Pindo. Kaunta umekosa, na kope bado ziko pale pale."

"Pita, Suruali," alisema. Alikuwa amechoka mno kumrudishia.

Hospitali walipopiga simu, miezi ilikuwa imepita, na mume wake aliuliza lililokuwa kichwani mwa kila mtu. "Sasa unaenda kufanya nini? Kaunta imeshapata mwenyewe."

Alifikiri sana kabla ya kujibu. Alikuwa akikunja nguo zilizoanuliwa, akaendelea kukunja.

"Nimechoka kuzibeba," alisema mwishowe. "Nikitaka kuona tundu la sindano nazinyanyua kwa paji la uso. Toka asubuhi mpaka jioni. Kichwa kinauma hapa, mpaka kisogoni. Hilo halimhusu Bosi."

Siku yenyewe haikuwa na makuu. Chumba kilikuwa baridi, taa kali. Sindano ya ganzi iliwaka kama pilipili, kisha hakuna. Hakuhisi maumivu, lakini aliusikia mkasi. Sauti ya mkasi mdogo unaokata kitu laini aliijua toka ujana wake, na sasa ilikuwa ikitokea juu ya jicho lake mwenyewe. Katikati ya kazi daktari alisimama, akamwinua akae. "Fungua. Funga. Tazama juu. Funga." Alimlaza tena, akaendelea bila kusema kitu.

Nyumbani alilala na kitambaa cha barafu, uso umevimba kama maandazi. Jambo moja tu alimwomba mume wake.

"Nikilala, nitazame."

Mume alivuta kiti akaketi karibu na kitanda, redio imezimwa. Mama Pindo alijifanya amelala, kisha usingizi ukamchukua kweli. Alipozinduka mume alikuwa bado yuko pale.

"Zinafunga?"

"Zinafunga."

"Zote mbili?"

"Zote mbili. Lala, mke wangu."

Alipopona alirudi kazini. Chaki alimzunguka kama anavyozunguka kitambaa.

"Mbona umenuna?"

"Sijanuna. Ni paji la uso, limepumzika. Zamani lilikuwa juu siku nzima."

"Basi tulikuwa hatujui kwamba una sura ya hasira," alisema Suruali. "Mwambieni daktari azirudishe!"

Bosi alisema, "Safi, mama," na habari ya kaunta hakuigusa. Mgongo uliendelea kuuma na vidole viliendelea kufa ganzi alasiri. Kichwa tu ndicho kilichoacha kuuma.

Wifi alikuwa hajaonekana muda mrefu. Alikuja siku moja mume akiwa kazini, amevaa miwani myeusi, na safari hii hakusimama mlangoni atazamwe. Alikaa kwenye kochi, akavua miwani, akamtazama Mama Pindo usoni kwa makini.

"Kidogo tu alichotoa."

"Kidogo tu."

"Na mshono wako unaonekana kuliko wangu."

"Unaonekana."

Wifi alifungua zipu ya mkoba, akaifunga. Macho yake yalikuwa mekundu kwenye kingo, na jicho la kushoto lilikuwa na ukungu mahali fulani, kama kioo kilichopumuliwa.

"Wewe ukilala..."

"Ninafunga, wifi."

"Mimi ninajifunga leso," alisema Wifi. "Kila siku. Nafunga leso hapa, naikaza, ndio nalala. Asubuhi ninaamka yameganda. Nilidhani yatazoea." Akaifungua zipu tena. "Huyo daktari wako, anaweza kurudisha ngozi?"

Mama Pindo alitamani kumwambia ndiyo.

"Sijui. Labda kuna namna. Tutamwuliza."

"Kaka usimwambie."

"Simwambii."

Walikwenda pamoja. Benchi la hospitali kuu lilikuwa limejaa, wakapata nafasi mwishoni, karibu na mlango unaofunguliwa kila mara. Muuguzi alipita akatangaza kwamba daktari yuko chumba cha upasuaji, kuna ajali, wenye haraka waje siku nyingine. Wengine waliinuka wakilalamika. Wifi alimgeukia.

"Twende?"

"Tukae."

"Utachelewa kazini. Bosi wako ataangalia kalenda."

"Aangalie."

Wifi alizungusha miwani mkononi. "Kama ningekwambia siku ile ya sketi..."

"Nilikuona umelala," alisema Mama Pindo. "Mimi ndiye niliyepaswa kukwambia."

Mlango ulifunguka, ukafungwa. Baada ya muda Wifi alijisogeza, akaegemeza kichwa chake begani mwa wifi yake, uzito wote. Bega lilikuwa lile la mkono wa kulia, wenye vidole vinavyokufa ganzi. Mama Pindo alilikaza kidogo lisiteleze, akaendelea kutazama mlango wa daktari.